Nilivuka Namanga kufuata masizi

“Sasa mzee, hii treni unaishonea suti?”

Aliyeniuliza hivyo alikuwa kijana wa Nairobi, mwanafunzi kwa kumtazama, wala sikumlaumu. Alinikuta nimepiga magoti kwenye majani, futi ya fundi cherehani nimeinyoosha kwenye gurudumu la treni ya mvuke, kalamu iko mdomoni. Nikamjibu ndiyo, naishonea, tena vipimo nimeshachukua nusu. Akacheka, akaenda kuwasimulia wenzake.

Mpenzi msomaji, nisikuzungushe. Ninatengeneza banda la injini za treni juu ya meza ya kulia chakula. Ni banda dogo, la boksi na vijiti, lenye reli, mabati, matangi na mashimo ya mafundi, kila kitu kwa kipimo chake. Nina miaka hamsini na kitu, nina wajukuu wawili, na yote unayotaka kuniambia wewe mama watoto ameshayasema, tena kwa sauti.

Chanzo ni baba yangu. Mzee ni Mpare wa Same, na ni mmoja wa wale tunaowaita wazee wa Afrika Mashariki. Alikuwa fayamani, yule anayekaa na dereva kichwani mwa treni kuangalia moto na maji, na kituo chake kilikuwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alirudi nyumbani na sanduku la bati, taa ya mkono, na ukimya. Habari ya mafao yao ni ndefu na wengi wenu mnayo majumbani kwenu, siirudii hapa. Ninachotaka ujue ni kwamba sisi watoto tulikua tukijua baba alikuwa reli, basi. Ukimuuliza Nairobi kukoje, anakujibu neno moja: “Baridi.”

Sasa mimi banda langu la kwanza nililitoa kwenye kitabu cha Kizungu. Kule Uingereza kuna watu wazima, wengine wastaafu wa heshima, wanaokaa chini ya taa usiku kucha wakipaka kutu ya bandia kwenye banda la treni lenye urefu wa mkono. Nikaiga kila kitu. Rundo la makaa ya mawe lilikuwepo, jukwaa la kupakilia makaa lilikuwepo, na majivu nilichota jikoni nikayachekecha kwenye chujio la chai (kosa lililonigharimu chujio jipya). Krismasi nilipokwenda Same nikamweleza mzee, maana macho yake yalishaanza kuingia ukungu: hapa kuna makaa baba, hapa majivu, hapa wanasimama na masepeto.

“Makaa ya nini?” akauliza.

“Ya kuchochea, baba.”

“Nani kakwambia? Sisi tulichoma mafuta. Mafuta mazito, meusi, mpaka uyapashe moto ndipo yakubali kutiririka. Sepeto sijashika hata siku moja. Hilo banda lako ni la Waingereza, warudishie.”

Halafu akacheka! Jamani, sikumbuki mara ya mwisho mzee kucheka habari ya reli. Jioni ile alizungumza kwa saa nzima, na nilipolala nilikuwa nimeshaamua kulivunja banda lote.

Kabla ya kuanza upya nilipaswa kupata kipimo. Treni za kuchezea zinazouzwa madukani huko nje nyingi ni za kipimo cha moja kwa 87, na reli zake zimetokana na reli pana za kwao, zile za milimita 1435. Reli ya zamani ya kwetu, ya Kenya na Uganda pia, ni ya mita moja kamili. Ukitandika reli ya duka umeshadanganya kabla hujaanza. Nikachagua moja kwa 50, kwa sababu ya uvivu wa hesabu: kila mita inakuwa sentimita mbili. Banda la mita 45 linakuwa sentimita 90, na bado inabaki pembe ya meza ya kuweka sahani.

Injini je? Hapo mzee hakusita. “Kaitazame Shengena. Nasikia wameiweka makumbusho.”

Shengena ni mlima wetu, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitengeneza injini 34 za daraja la 59 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, na zikapewa majina ya milima ya kwetu huku. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Moja ilipewa jina la Mount Shengena, namba 5930, na mzee aliwahi kuipanda kazini. Hebu fikiria, kijana wa Kipare yuko Nairobi, anafungua moto ndani ya mlima wa kwao.

Basi bwana, nikakata tiketi. Nikapanda basi la alfajiri pale Mbezi. Same tuliipita jua limeshawaka, milima ya Upare mkono wa kulia imevaa mawingu, Shengena sikuiona. Namanga nikagonga mihuri, nikanywa chai ya maziwa upande wa pili, na giza lilipoingia nilikuwa katikati ya kelele za Nairobi nikiwa nimekumbatia begi. Usiku ulikuwa wa baridi. Mzee hakusema uongo.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yako nyuma ya stesheni ya zamani, na yalifunguliwa mwaka 1971, Jumuiya ikiwa bado hai. Ndani kuna mambo mengi, vyombo vya chakula vya daraja la kwanza, picha, saa, taa kama ile ya baba. Nje kuna behewa ambalo ndani yake afisa mmoja wa polisi, Ryall, aliuawa na simba pale Kima mwaka 1900. Wageni wote hukimbilia behewa la simba. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye injini zilizopangwa uwanjani, jua na mvua ni vyao.

Sikuwa nimejiandaa kwa ukubwa wake. Ukisoma kwamba injini ina urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa tani 252 unasema haya. Ukisimama chini yake unanyamaza. Garratt, ndivyo aina hii inavyoitwa, ni kama injini mbili zilizopeana migongo na kubeba boila moja katikati. Tangi la maji mbele, tangi la mafuta nyuma, magurudumu 28 kwa jumla. Kwa kuwa imevunjika sehemu tatu, inakata kona za reli ya mita moja kama nyoka.

Na majina sasa! Shengena hii hapa. Pale Mount Gelai, namba 5918, ambao ni mlima wa kwetu kule Ziwa Natron. Pale injini ndogo zaidi imeandikwa Nyaturu, watu wa Singida. Nilijikuta nasoma majina ya nyumbani uwanjani kwa jirani. Jumuiya ilipogawanywa, kila kilichokuwa upande ule kilibaki upande ule. Watu walirudi, milima ikabaki.

Nilipanda kichwani mwa injini. Kuna mabomba, vali, saa za shinikizo na magurudumu madogo ya kufungulia, mengi mpaka unajiuliza mtu alikuwa anajuaje ashike lipi gizani. Nikatafuta mahali ambapo fayamani angekaa, nikakaa. Halafu nikatoka na kufanya kazi iliyonileta, yaani kupima na kupiga picha. Nilipiga zaidi ya picha 200, na nyingi zilikuwa za kutu. Kutu iliyoanzia kwenye vichwa vya ribiti na kushuka kama machozi. Rangi iliyobabuka na kuonyesha rangi ya zamani chini yake. Nilifurahi kama mtoto, kwa sababu kwa fundi wa vitu vidogo kutu ni dhahabu.

Nikarudi Dar, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Paa kwanza. Bati la kweli lina mikunjo kila sentimita saba na nusu hivi. Kwa kipimo changu hiyo ni milimita moja na nusu, na nilihangaika wiki nzima hadi nilipogundua kitana cha binti yangu, chenye meno membamba. Unalaza karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, juu ya meno ya kitana, unasugua kwa kidole taratibu, na bati linazaliwa. Unakata vipande vya sentimita sita kwa moja na robo. Paa zima limekula zaidi ya mabati 400, na nimeyabandika moja moja, kuanzia chini kwenda juu, kila moja likilalia la chini yake, kama fundi wa kweli, la sivyo paa lingevuja hata bila mvua. Nguzo ni vijiti vya mishikaki. Reli nilizitoa kwenye bawaba ndefu ya kabati lililokufa. Boila ya Shengena ni bomba la plastiki la inchi moja na nusu, na magurudumu makubwa 16 ni vifungo vya koti. Muuza vifungo Kariakoo aliniuliza koti la nani lina vifungo 16 vinavyofanana, nikamwambia la mlima.

Lakini banda jipya ni banda bovu. Linang'aa kama sahani. Kulizeesha ndiyo kazi yenyewe.

Kutu nilipika mwenyewe. Unachukua stilwaya ya kusugulia masufuria, unaitumbukiza kwenye siki ndani ya chupa, unaiacha wazi siku kadhaa. Inatoka supu ya rangi ya chungwa ambayo ikikauka ni kutu halisi, si ya kupaka. Masizi nilikinga kwa kibatari chini ya kigae, nikayakwangua kwa wembe. Vumbi jekundu ni chaki na unga wa tofali. Na kama unataka rangi iliyobabuka kuna siri ya chumvi. Unapaka kwanza rangi ya kutu, inakauka, unalowesha kidogo, unanyunyizia chumvi ya mawe, halafu unapaka rangi ya juu. Ikikauka unasugua kwa mswaki. Chumvi inadondoka na kubeba rangi iliyokuwa juu yake, na chini kutu inachungulia. We acha tu, inapendeza mno. Niliifanyia Shengena yote, kuanzia tangi la maji hadi la mafuta, nikifuata picha zangu moja baada ya nyingine. Wiki tatu. Rafiki zangu waliiona wakasema ungeikuta barabarani ungeogopa pepopunda.

Mzee alikuja Dar mwezi uliofuata kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Siku ya kwanza nilimketisha mezani nikamshika mkono, akalipapasa banda kwa vidole. Aligusa paa, akatabasamu. Akashuka kwenye nguzo, akafika kwenye shimo la fundi katikati ya reli, lile wanaloingia mafundi kukagua injini kwa chini. Akaingiza kidole, akakitoa, akakisugua kwa dole gumba.

“Shimo kavu,” akasema. “Hapa hajafanya kazi mtu.”

Nikashtuka. Kweli, nguvu zangu zote zilikwenda kwenye kutu ya mabati. Mafuta ya chini nilisahau. Kesho yake nilichanganya rangi nyeusi na vanishi, nikamwaga matone kati ya reli, mazito katikati, mepesi pembeni, na mzee akinielekeza akiwa amefumba macho. Pale inaposimama dohani, weka weusi kwenye paa, usipake paa lote kama mwenda wazimu, moshi una mahali pake. Sisi moshi wetu ulikuwa na mafuta, masizi yake yananata, hayapeperuki kama ya kuni. Pale kwenye bomba la maji weka ukungu mweupe, maji yakikauka yanaacha chumvi yake, na chini yake weka ukijani, hapakauki pale. Na mchanga uko wapi?

“Mchanga wa nini, baba?”

Kumbe mafuta yale huziba mabomba ya boila kwa masizi. Dawa yake, injini ikiwa inavuta kwa nguvu, fayamani anachota mchanga mkavu na kuumimina kwenye tundu la mlango wa moto. Upepo wa moto unaunyonya, mchanga unapita mabombani ukisugua kila kitu, na juu dohani inatapika moshi mweusi mpaka mtu aliyeanika nguo jirani anatukana ukoo wako. Kitabu changu cha Kizungu hakikuwa na neno hata moja la habari hiyo. Nikachekecha mchanga wa ufukweni, nikauweka kwenye sanduku dogo kando ya mlango.

Zikapita siku kumi, jicho la kwanza likafanyiwa kazi, na bandeji ikatolewa. Mzee akarudi nyumbani anasoma mabango ya daladala kwa sauti. Alipoingia hakuomba maji, alikwenda mezani.

Akaliangalia banda. Akaangalia masizi, akaangalia shimo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akainama, akaiona Shengena.

Mpenzi msomaji, nilikuwa nasubiri sifa. Mzee alisimama pale muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ya chini, “Hii nani kaitelekeza?”

Nikaanza kueleza habari ya chumvi na siki. Akanikatiza. “Sijakuuliza umefanyaje. Nakuuliza nani kaiacha hivi. Banda lina mafuta mabichi, mchanga upo, maji yanadondoka, watu wako kazini. Sasa injini iko ndani ya banda lenye watu, imeoza. Watu hao ni akina nani? Mimi nilikuwa mmoja wao. Unasema mimi niliiacha ikaoza?”

Nikasema, “Baba, ndivyo ilivyo pale Nairobi. Nimeipiga picha.”

“Hiyo ni ya sasa. Banda ni la lini?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kujiuliza. Nilichukua uchafu wa aina mbili nikauweka juu ya meza moja. Mzee akaketi, na kwa mara ya kwanza akatusimulia. Alianza kazi kwa kufuta injini, kijana na furushi la pamba chafu na mafuta. Madereva wa siku zile, hasa Makalasinga, walizipenda injini zao kuliko wake zao, na shaba isipong'aa hutoki. Banda lilikuwa jeusi, suruali zao zilikuwa nyeusi, mate yao yalikuwa meusi, na katikati ya weusi ule injini inatoka asubuhi rangi ya damu ya mzee, inang'aa, unajiona uso. “Ndiyo kazi yetu ilikuwa hiyo,” akasema. “Uchafu tubaki nao sisi.”

Na mwaka 1977? Alieleza kwa ufupi. Mpaka ulifungwa Februari. Alipoondoka, injini yake ya mwisho aliiacha imefutwa. Hakuna aliyemwagiza, zamu hazikuwa zikieleweka tena, alikwenda tu akaifuta. Mama watoto alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, hakulipeleka jikoni.

Nilifuta wiki tatu zangu kwa thina usiku ule ule. Sitakudanganya, iliniuma. Nikaipaka upya damu ya mzee, mikono minne, kila mkono nikiupiga msasa mwepesi, juu vanishi. Masizi niliacha kwenye dohani na nyuma yake tu, na mafuta kwenye vyuma vya magurudumu, sehemu ambazo mzee aliniruhusu. Ilipokauka ikaingia bandani ikilala katikati ya weusi wote ule, na hapo hata mimi nikaona.

Mzee akaniomba msasa. Nikamuuliza wa nini, hakujibu. Akaukunja kipande kidogo kama punje ya mchele, akavaa miwani yake mipya, akaanza kusugua waya wa kushikia, ule ulio kando ya ngazi ya kupandia kichwani. Alisugua mahali pamoja tu, usawa wa bega la mtu, mpaka rangi ikatoka na waya ukawa mweupe.

“Hapa tulishika,” akasema.

Jumapili iliyopita amerudi Same, macho yote mawili yanaona. Shengena ameondoka nayo. Hakuomba, aliichukua tu, akaifunga kwenye kitenge cha mama watoto, akaipakata kwenye kiti cha basi, sentimita 63 zikachungulia pande zote mbili na abiria wa pembeni akalazimika kukaa upande. Aliponipigia kuniarifu amefika, nilimuuliza mlima unaonekana. Akaniambia una mawingu, lakini injini ipo juu ya kabati.

Banda limebaki mezani tupu, mafuta mabichi yanasubiri. Jumatano nilikwenda Kariakoo kununua vifungo vingine 16, na kwenye begi ninavyo vipimo vya Gelai.